Saratani ya Matiti: Uliza Majibu ya ER, PR na HER2

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Hata hivyo, si ugonjwa wa aina moja. Majirani wawili wa Likoni wanaweza kugunduliwa kuwa nayo wiki moja, na kila mmoja akapewa dawa tofauti. Daktari hajakosea. Tofauti hutokana na alama zilizomo kwenye seli za uvimbe.

Alama hizi hupimwaje?

Daktari huchukua kinyama kidogo cha uvimbe kwa sindano na kukipeleka maabara. Kikithibitishwa kuwa ni saratani, hupimwa alama tatu:

• ER na PR: Zikipatikana, saratani hiyo inasaidiwa kukua na homoni za kike. Vidonge kama tamoxifen huizuia, na mgonjwa huvimeza kwa miaka 5 au zaidi.

• HER2: Protini hii ikizidi, seli hukua kwa kasi. Hutokea kwa wagonjwa 15 hadi 20 hivi kati ya 100. Dawa yake ni Herceptin. Mwaka 2025, bei ya dozi moja ilishushwa kutoka takriban shilingi 120,000 hadi 40,000, zinazolipwa na SHA kwa waliosajiliwa.

• Zote tatu zikikosekana: Vidonge vya homoni na Herceptin havitasaidia. Mgonjwa hutegemea zaidi kemotherapi, upasuaji na mionzi.

Je, hurithiwa?

Wagonjwa 5 hadi 10 kati ya 100 huwa wamerithi jeni yenye hitilafu, hasa BRCA1 au BRCA2, kutoka kwa mama au baba. Ikiwa mama, dada au shangazi yako aliugua akiwa na umri mdogo, mwambie daktari. Si laana wala si kurogwa.

Ufanye nini?

Ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, fika mapema katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakaazi wa Changamwe wanaweza kuanzia Hospitali ya Port Reitz. Wanaohitaji matibabu ya saratani hupewa rufaa hadi Hospitali Kuu ya Pwani.

Ukitolewa uvimbe, hakikisha umepelekwa maabara. Kabla ya kuanza dawa, uliza: "Daktari, majibu yangu ya ER, PR na HER2 yanasemaje?" Weka nakala na uibebe kila kliniki. Bila karatasi hiyo, unaweza kutumia pesa na muda kwa dawa isiyokufaa.