Kuflashi Kadi ya Michoro: Tamaa ya Kuongeza, Hatari ya Kupoteza



Ndugu wasomaji, siku moja ya Ijumaa katika mwaka 2023, baada ya sala, mzazi mmoja wa hapa Mayfair alitufuata akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. "Mwalimu," alisema, "wewe hupenda kusoma mambo haya ya kompyuta. Hebu mtazamie kijana wangu kitu hiki." Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi ya michoro, safi kabisa, haina mkwaruzo wala alama ya moto, lakini ilikuwa imekufa. Kijana huyo hujipatia riziki kwa kuhariri video za harusi, na kadi hiyo aliinunua kwa akiba ya miezi mingi. Usiku mmoja alijaribu kuitia programu ya kadi nyingine iliyo ghali zaidi, akitumaini kuipa kasi. Kazi haijafika mwisho, umeme ukakatika. Uliporudi, kioo kilibaki cheusi.

Tumeonelea tulieleze jambo hili, kwa kuwa vijana wetu wengi hulijaribu, na mara nyingi wazazi ndio watoao fedha bila ya kujua kinachofanyika chumbani.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Kadi ya michoro ni kile kipande kilichomo ndani ya kompyuta ambacho huandaa kila picha tuionayo kwenye kioo. Ina feni zake, ina kumbukumbu yake, na ina kichipu kidogo kilichohifadhi programu dhibiti, ambayo mafundi huiita BIOS. Programu hiyo ndiyo ya kwanza kuamka umeme unapoingia. Humo mmeandikwa kadi iende kwa kasi gani, itumie volti na wati ngapi, feni zizunguke wakati gani, kumbukumbu yake ni ya aina ipi, na matundu ya kuunganishia kioo ni mangapi. Kuflashi, neno tulilolizoea kwa mafundi wa simu, ni kuyafuta maandishi hayo na kuandika mengine mahali pake.

Programu ya kawaida ikiharibika, mtu huifuta akaiweka upya. Lakini hii ndiyo inayoiamsha kadi. Ikiharibika, kadi haijui tena kwamba ni kadi.

TAMAA ILIKOTOKA

Si haki kusema kwamba vijana wanafuata ndoto tupu. Mwaka 2010 kampuni ya AMD ilitoa kadi iitwayo Radeon HD 6950, yenye vitengo 1408 vya kufanyia hesabu, pamoja na ndugu yake ya bei ya juu, HD 6970, yenye vitengo 1536. Watu wakagundua kwamba nyingi katika zile za mwanzo za bei nafuu zilikuwa na vitengo vyote, ila baadhi vimefungwa kwa programu, wakaflashi, vikafunguka. Mwaka 2016 ikatokea tena: baadhi ya kadi za kwanza za RX 480 zilizouzwa kuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 zilikuwa na gigabaiti 8 ndani yake.

Lakini tuzingatie jambo moja. Watu hao hawakuongeza kitu, walifungua kilichokuwamo. Pale ambapo hakimo, hakuna programu itakayokiumba. Ukiandika "asali" juu ya mtungi wa maji, maji hayawi asali.

HATARI NNE

Ya kwanza ni umeme. Kuandika BIOS huchukua muda mfupi, pengine haufiki dakika mbili, lakini katika muda huo kichipu kimefutwa na bado hakijajazwa. Mwaka 2023 nchi hii ilikuwa na mgao wa umeme kwa zaidi ya siku 300. Mgao huo ulipungua sana kuanzia 2024, lakini sisi wakazi wa Johannesburg tunajua kwamba nyaya huibiwa na vituo vya mtaani huelemewa, na umeme hukatika bila ya kupiga hodi.

Ya pili ni kutolingana. Kadi mbili huweza kuwa na jina moja juu ya boksi, na ndani zikatofautiana. Moja ina kumbukumbu iliyotengenezwa na Samsung, nyingine na Hynix au Micron, na kila moja ina vipimo vyake vya muda. BIOS isiyolingana hutia madoa na mistari katika picha, huizima kompyuta katikati ya kazi, au huyafunga baadhi ya matundu ya kioo. Hata wenye viwanda huiogopa hatari hii. Januari 2020, kadi ya RX 5600 XT ilipokuwa ikiingia sokoni, AMD iliwapa watengenezaji BIOS mpya ya kuongeza kasi ya kumbukumbu kutoka gigabiti 12 hadi 14 kwa sekunde. Kampuni ya MSI ikaeleza kwamba haiwezi kuhakikisha kuwa kadi zake zote zitaistahimili kasi hiyo. Ikiwa aliyeitengeneza kadi hana hakika, sisi tuliomo chumbani tutaipata wapi?

Ya tatu ni joto. BIOS ya kadi kubwa huagiza wati nyingi kuliko zile ambazo feni na sehemu za umeme za kadi ndogo ziliundwa kuzibeba. Madhara haya hayaonekani siku ya kwanza. Kijana hufurahi mwezi mzima, kisha siku moja akasikia harufu ya kuungua.

Ya nne ni dhamana. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya 2008, humpa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha dukani bidhaa yenye kasoro. Lakini dhamana iliyomo katika sheria hiyo haifiki kwenye bidhaa iliyobadilishwa kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji. Anayeflashi huiondoa kinga yake kwa mkono wake mwenyewe.

KADI ZA MTUMBA

Wengi wetu hununua kadi zilizokwisha kutumika, na hapa hatari humfuata hata asiyeflashi. Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya Ethereum uliacha kutumia kadi za michoro katika uchimbaji wake, na wachimbaji wakaziuza kadi zao kwa wingi. Baadhi walikuwa wamezitia BIOS ya kufaa uchimbaji, si kazi ya picha. Baya zaidi, wako walioflashi kadi kuukuu ili zijitaje kwa jina la kadi mpya, wakaziuza kwa bei ya jina hilo. Mwaka 2018 programu ya bure iitwayo GPU-Z ilianza kuzitambua kadi nyingi bandia za NVIDIA na kuzitangaza hivyo. Basi kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe mbele yako na programu hiyo ifunguliwe. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Na kijana wetu auzaye kadi aliyoiflashi, amweleze mnunuzi. Kasoro iliyofichwa ni ghushi, na ghushi haipati uhalali kwa kuwa imefichwa ndani ya kichipu.

IKIWA HAPANA BUDI

Kwanza, hifadhi nakala ya BIOS ya asili mahali pengine, nje ya kompyuta hiyo. Pili, tazama kama kadi ina swichi ya BIOS mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Tatu, hakikisha kompyuta ina njia nyingine ya kutoa picha. Nne, tumia betri ya akiba ya umeme. Tano, usiiguse kabisa kompyuta ya mkononi, kwani mara nyingi BIOS ya michoro huchanganywa humo na ile ya mashine nzima. Na kadi ikifa, usikimbilie kifaa cha bei nafuu cha kuandikia chipu: baadhi ya vichipu hutumia volti 1.8, na kifaa cha volti 3.3 huweza kuviunguza.

Ama kadi ya kijana yule, fundi mmoja wa Fordsburg aliibana chipu yake, akaiandika upya. Kazi kubwa ilikuwa kuitafuta BIOS ya toleo lile lile, maana kijana hakuhifadhi nakala. Alhamdulillahi, kadi iliamka. Lakini wiki mbili zilikuwa zimepita, na harusi mbili alizokwisha kuahidi zilikwenda kwa mtu mwingine. Malipo ya awali akayarudisha. Baba yake alituambia, "Mwalimu, kadi ilikuwa inamtosha."

Nasi hatuna la kuongeza juu ya neno hilo. Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na subira ya kuitumia. Amin.