Shamba la Nabothi na Ramani ya Mji: Waamini Tujue Nini Matumizi ya Ardhi Yanapobadilishwa?

Waamini wengi wanaifahamu habari ya Nabothi wa Yezreeli katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, lililopakana na jumba la kifalme, ili aligeuze kuwa bustani ya mboga. Aliahidi kumpa shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha kadiri ya thamani yake. Kufikia hapo hakuna aliyedhulumiwa. Dhuluma ilianza Nabothi alipokataa kuuachia urithi wa baba zake, na Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, wazee wakaitisha baraza, na mashahidi wa uongo wakasimamishwa. Kwa nje utaratibu ulionekana kufuatwa, lakini mtu asiye na hatia aliuawa na shamba likachukuliwa.

Hatuikumbuki habari hii kwa nia ya kuwafananisha viongozi wetu na Ahabu. Tunaikumbuka kwa sababu inatufundisha kwamba mabadiliko ya matumizi ya ardhi ni jambo linalogusa dhamiri, na kwamba muhuri peke yake haulifanyi jambo kuwa la haki.

Mji unaokua kwa kasi

Katika Sensa ya mwaka 2012 Halmashauri ya Mji wa Tunduma ilikuwa na watu wapatao 97,500. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 219,000. Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam, reli ya TAZARA na mpaka wa Nakonde vimeifanya Tunduma kuwa lango la bidhaa ziendazo Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na nchi nyingine za kusini. Mwezi Oktoba 2019 kilizinduliwa kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ili msafiri na mzigo wake wakaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili.

Ukuaji huu ni baraka. Umewapatia vijana ajira, umewapatia akina mama wauza chakula wateja, na umeipatia halmashauri mapato ya kujengea shule na zahanati. Hata hivyo, mji ukipanuka, ardhi hutafutiwa matumizi mapya. Shamba la mahindi hupimwa viwanja. Kiwanja cha makazi huombewa kibali cha kuwa maegesho ya malori, ghala au nyumba ya wageni. Eneo la wafanyabiashara wadogo hutengwa kwa ajili ya mradi mkubwa. Hapo ndipo maswali yanapozaliwa majumbani na katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: Je, fidia italipwa lini? Watoto watapitaje kwenda shule kati ya malori? Kwa nini tumeziona bikoni kabla ya kuitwa mkutanoni?

Sheria inasema nini?

Maswali hayo yana majibu katika sheria za nchi, na ni wajibu wetu kuyafahamu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Inapokusudia kuandaa mpango kabambe, yaani ramani kuu inayoonyesha makazi, biashara, viwanda, huduma na maeneo ya wazi yatakuwa wapi, halmashauri inapaswa kutangaza kusudio lake na kukutana na wadau, wakiwemo wamiliki wa ardhi. Rasimu nayo huwekwa wazi ili wananchi waione na kutoa maoni au pingamizi. Mwenye kiwanja anayetaka kukibadilishia matumizi naye hana budi kuomba kibali, na majirani wana haki ya kusikilizwa kabla ya kibali hicho kutolewa. Miradi mikubwa hufanyiwa pia tathmini ya athari kwa mazingira, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tathmini hiyo hudai maoni ya wakazi.

Ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, Ibara ya 24 ya Katiba inataka mwenye mali alipwe fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inafafanua kwamba fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Hesabu yake haiishii kwenye bei ya ardhi, majengo na mazao. Kulingana na hali ya mwenye mali, inajumuisha posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi na faida ya biashara iliyopotea. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba hudaiwa. Tena, umiliki wa kimila unaotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 una hadhi sawa na ule wa hatimiliki. Mama mjane anayelima shamba aliloachiwa na marehemu mumewe asiambiwe kwamba hana haki kwa kuwa hana karatasi.

Kanisa linafundisha nini?

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaweka mezani kweli mbili, nazo hazitenganishwi. Ya kwanza ni haki ya mtu kumiliki mali, ambayo Papa Leo XIII aliitetea katika Waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891. Ya pili ni kwamba Mungu aliiumba dunia kwa ajili ya wote. Kwa hiyo kila miliki inabeba wajibu kwa jirani. Ndiyo maana Kanisa halimfundishi muumini kuipinga kila barabara na kila soko jipya. Mwenye shamba anaweza kuombwa kuliachia kwa mafao ya wengi. Lakini mafao ya wengi hayajengwi kwa kumsahau mmoja aliye mnyonge.

Katika Waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alizungumzia jambo hili waziwazi: watu wanaolazimika kuhamishwa wapewe taarifa za kutosha mapema, waonyeshwe makazi mbadala yenye staha, na washirikishwe katika mchakato wenyewe. Kanuni ya auni nayo inatufundisha kwamba ngazi ya juu isiipokonye ngazi ya chini yale inayoyaweza. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba yetu zinaelekea huko huko zinaposema kwamba serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka.

Wajibu wetu

Tunapaswa kuwa wakweli pia juu ya udhaifu wetu wenyewe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, wengi wetu tuna udhuru. Tunalalamika mchoro ukishapitishwa, wakati ambapo kuurekebisha ni kazi ngumu na yenye gharama. Wapo pia wanaouza shamba moja kwa watu wawili, na wanaojenga haraka katika eneo lililokwisha kutengwa ili wahesabiwe fidia. Huo ni wizi, hata kama aibiwaye ni serikali.

Kwa hiyo tunazishauri familia na jumuiya zetu mambo haya. Hudhurieni mikutano ya mtaa na kijiji, na muhakikishe maoni yenu yameandikwa katika muhtasari. Fikeni ofisi ya mipango miji muombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu kabla ya kununua au kujenga. Tunzeni hati za mauziano na mirathi, na majina ya wajane na yatima yaandikwe humo. Msitie sahihi fomu ya uthamini msiyoielewa. Mwombeni mtu anayejua kusoma takwimu awasaidie. Panapotokea mgogoro, anzeni na usuluhishi katika Baraza la Kata, na ikishindikana, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Halmashauri ya Walei parokiani inaweza kuwaalika maofisa wa ardhi waje kuelimisha baada ya Misa, na wanasheria waamini watoe saa chache kwa ajili ya maskini.

Wale miongoni mwetu walio madiwani, wenyeviti wa mitaa, wapima na wathamini, nao wakumbuke kwamba nyuma ya kila namba ya kiwanja kuna familia. Katika habari ya Nabothi, wazee wa mji walizipokea barua na kutekeleza yaliyoandikwa humo bila hata mmoja wao kuuliza swali. Nabii Eliya alifika wakati Nabothi alikuwa amekwisha kufa. Sisi bado tunao muda wa kuuliza, kwa upole na kwa ukweli, kabla bikoni hazijasimikwa.