Seva ya Pili ya Utambulisho katika Kituo cha Afya cha Mbali

Muuguzi wa zamu ya usiku anapoandika nenosiri lake, kwa kawaida kompyuta ya wodi huliuliza kwa seva inayotunza orodha ya watumishi wote na ruhusa zao. Katika hospitali zinazotumia mfumo wa Microsoft uitwao Active Directory, mara nyingi seva hiyo imo hospitali kuu, na vituo vya mbali huifikia kwa mtandao. Mtandao ukikatika, kituo hubaki bila bawabu. Kompyuta hukumbuka watumiaji wake wachache tu, kwa mpangilio wa kawaida 10 wa mwisho. Aliyehamishiwa wodini jana hataingia. Hapo huanza desturi mbaya ya kuazimana manenosiri. Dawa za usiku huo huandikwa kwa jina la mtu aliyekwisha kwenda nyumbani, na dozi ikikosewa haijulikani nani aulizwe.

Ufumbuzi ni kuweka seva ya pili kituoni, yenye nakala ya orodha ileile. Haitoshi kuiwasha. Mafundi huzisajili anwani za mtandao za kituo kuwa eneo lake lenyewe, na kuzielekeza kompyuta ziitumie seva hiyo pia kutafutia majina ya mtandao. Hatua hii ikisahaulika, seva itakuwapo kabatini huku kompyuta zikiendelea kuitafuta ile ya mbali. Saa nazo zilingane: zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, hata nenosiri sahihi huweza kukataliwa.

Suala zito zaidi ni ulinzi. Nakala kamili hubeba siri za watumishi wote, kuanzia madaktari bingwa hadi wahasibu. Ikiibwa kutoka stoo isiyo na kufuli, mwizi ameondoka na funguo za hospitali nzima. Tangu Windows Server 2008 ipo seva ya kusoma tu, isiyopokea mabadiliko, na inayohifadhi manenosiri ya walioruhusiwa peke yao. Kwa vituo vingi vidogo, hiyo ndiyo inayofaa. Ina sharti moja: siri za mtumishi na za kompyuta anayoitumia ziwe zimehifadhiwa humo kabla mtandao haujakatika. Kwa hiyo muuguzi mkuu anapopanga zamu mpya, fundi apewe majina mapema. Kazi hii haiwezi kuachiwa fundi peke yake.

Mabadiliko nayo hayafiki papo hapo. Baina ya maeneo, ratiba ya kawaida ni kila dakika 180, nayo huweza kupunguzwa hadi 15. Mtumishi aliyeachishwa kazi asubuhi huenda akaingia kituoni mchana, na mtandao ukiwa umekatika, hadi utakaporudi. Msimamizi wa kituo apigiwe simu siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa, ijulikane kwamba seva hii hufungua mlango tu, haileti faili. Ikiwa kumbukumbu zimo hospitali kuu pekee, muuguzi ataingia kwenye kompyuta na bado asione kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini. Kituo kinahitaji pia nakala ya kumbukumbu hizo, au walau fomu za karatasi zilizo tayari. Mwenye mzio, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aendelee kuja na kadi yake ya kliniki, hata akiambiwa kwamba kila kitu kimo kwenye kompyuta.