Kaktasi za Nguzo kwa Bustani Zetu za Phoenix

Jamaa zetu wengi walioko Phoenix wameng'oa majani mbele ya nyumba, maana maji ni ghali na jua halina huruma. Wametandaza changarawe, na sasa wanaulizana wapande nini. Wengi huchagua kaktasi za nguzo, zile zinazosimama wima kama minara. Ni chaguo jema, ila tusizichague kwa urefu zilio nao dukani. Tuulize kwanza zitastahimili usiku wa namna gani.

Mimea mingi huvuta hewa mchana. Kaktasi hufungua vitundu vyake usiku, kukipoa, ili isipoteze maji. Usiku ukiwa wa moto, haipumui vizuri. Mwaka 2023, tangu 30 Juni hadi 30 Julai, joto la mchana mjini Phoenix lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi kila siku, na usiku nao haukupoa. Hata saguaro, wenyeji wa jangwa hili la Sonora, zilidondosha matawi, na nyingine zikaanguka. Tena Januari huja usiku wa baridi ya kugandisha maji.

Basi tuzitazame moja moja.

Saguaro ni fahari ya Arizona. Ua lake ni ua la jimbo tangu 1931. Lakini katika miaka 8 ya kwanza huenda isizidi sentimita 4, na tawi la kwanza laweza kungoja miaka 50 hadi 75. Anayeipanda humpandia mjukuu. Iliyochimbuliwa jangwani haihamishwi bila kibali na lebo ya serikali ya jimbo. Msikimbilie kubwa: kwa kuwa hubeba maji mengi mwilini, yaweza kuonekana hai miaka kadhaa ilhali mizizi imekwisha kufa, na fedha zimekwenda.

Saguaro ya Argentina hukua upesi zaidi na huvumilia baridi vizuri. Asiyetaka kungoja sana na achukue hii.

Nguzo ya ua hupandwa Meksiko kwa safu ikawa boma, kama mnyaa kwetu pwani. Hii haina utomvu mweupe wa mnyaa unaochoma macho. Ikiwa changa, ipewe kivuli cha alasiri.

Senita isiyo na miiba yafaa kando ya njia wanapocheza watoto. Baridi huunguza ncha zake, kwa hiyo wenyeji huzivika vikombe vya povu usiku.

Sasa upandaji. Ngoja baridi ipite. Inua tuta kwa mchanga na changarawe, maji yasituame. Usipande karibu na ukuta wa magharibi, maana huo hutema joto usiku kucha. Kabla ya kung'oa, tia alama upande unaotazama kusini, uupande vivyo hivyo. Ngozi isiyozoea jua huungua. Usimwagilie wiki moja au mbili, majeraha ya mizizi yakauke. Kiangazi, nywesha kwa kina kisha acha udongo ukauke kabisa.

Saguaro iliyokomaa huwa na uzito wa tani kadhaa. Ipandeni mbali na nyumba, wajukuu waikute imesimama wala isiwaangukie.