Maji ya Mvua na Shimo la Choo

Wasikilizaji wetu, Bukoba na Muleba ni nchi ya mvua. Bukoba mjini hunyesha kiasi cha milimeta 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili huipita miezi yote. Mvua hiyo ndiyo istawishayo migomba yetu. Lakini ikiingia katika shimo la choo, uchafu hupanda na kuturudia mlangoni.

Maji huingia shimoni kwa njia mbili. Ya kwanza ni juu: maji yatiririkayo mteremkoni na yale yadondokayo kutoka paani. Ya pili ni chini: bondeni, kama kando ya mto Kanoni, na ufukoni mwa Ziwa Victoria, maji ya ardhini yako karibu. Mwaka 1964, na tena 2020, Ziwa lilipanda mno.

Basi, kabla ya masika, tufanye haya. Choo tukichimbe mahali palipoinuka, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena upande wa chini wa kisima. Mdomo wa shimo tuujenge kwa mawe na saruji, uinuke juu ya ardhi. Upande wa juu tuchimbe mfereji wa kuyapitisha maji pembeni. Penye maji ya karibu tusichimbe sana, tukiinue choo. Na wenye choo cha bomba wasiyaelekeze maji ya paa humo, maana shimo likijaa, uchafu hurudi chumbani kwa bomba lile lile.

Wala mfereji usielekee kwa jirani. Kipindupindu huenezwa na maji yenye uchafu. Shimo moja likifurika, wote wanywao kisima kimoja wamo hatarini.