Mtoto wa Livingstone Aliyekufa Mateka

Askari wengi wa nchi zetu wanalijua jina la David Livingstone, msafiri aliyepita Ujiji na kufariki kwa Chitambo mwaka 1873. Walio wachache ndio wanaojua habari za mwanawe wa kwanza, Robert, aliyekuwa askari na kufa mateka ugenini. Tunazieleza leo kwa kuwa zina funzo kwa kila mwenye kushika bunduki.

Robert alizaliwa Mabotsa, Afrika ya Kusini, mwaka 1846. Akiwa na miaka sita alipelekwa Uingereza pamoja na mama yake na nduguze, akakua mbali na baba. Mwaka 1862 mama yao alifariki Shupanga, kando ya mto Zambezi. Mwaka uliofuata kijana alifika Natal akimtafuta baba yake, asimpate. Mwaka 1864 alitokea Marekani, akaingia kikosi cha New Hampshire, upande wa serikali ya Lincoln iliyopigana na majimbo ya Kusini yaliyong'ang'ania utumwa.

Alijiandikisha kwa jina la Rupert Vincent. Alimwandikia baba yake kwamba hakutaka kuzidi kulitia aibu jina la ukoo, na kwamba vitani alilenga juu, asimdhuru mtu kwa kusudi.

Oktoba 1864 alitekwa karibu na Richmond, akapelekwa kambi ya Salisbury, North Carolina. Kambi hiyo, iliyokuwa kiwanda cha pamba, ilitengenezwa kuchukua mateka wapatao 2,500. Wakati huo walifikia karibu 10,000. Chakula kilikuwa haba, na wengi walilala katika mashimo waliyochimba wenyewe. Kubadilishana mateka kulikuwa kumesimama. Sababu moja kubwa ni kwamba Kusini walikataa kuwahesabu askari weusi kuwa mateka kama wengine. Robert alifariki tarehe 5 Desemba, hajatimiza miaka 19. Wafu wa kambi hiyo walizikwa katika mahandaki 18, maelfu yao bila alama ya jina.

Ndugu askari na polisi, aliyekwisha kuweka silaha chini ni dhamana mikononi mwetu. Mkataba wa Geneva wa 1949 unaagiza mateka alishwe, atibiwe, na habari zake zifikishwe kwao. Nasi tuuheshimu, kwani mlinzi wa leo huenda kesho akawa ndiye mlindwa.