Nyota Aliyebaki na Kazi Yake

Kwa majirani zake wa Afrika Mashariki, Mkongo ni mtu wa kujionyesha. Avae suti ya rangi ya chungwa jua la utosi, manukato yamtangulie mlangoni, na akiwa na fedha amlipe mwanamuziki ataje jina lake katikati ya rumba. Kutajwa huko huitwa mabanga, wala hakuna anayeona haya. Mwaustralia amechorwa kinyume chake: kwao anayejikweza hukatwa kilimi kwa dhihaka, na abiria wa teksi huketi mbele, ubavuni mwa dereva, asidhaniwe anajifanya bwana.

Picha hizo zina ukweli kidogo na uvivu mwingi. Filamu ya Crocodile Dundee ya mwaka 1986 iliwaaminisha wengi kwamba Waaustralia ni watu wa porini na mamba, ilhali wengi wao wanaishi katika miji ya pwani. Nayo picha ya Mkongo inaanza kubomoka ukifika Likasi, mji wa migodi wa Katanga.

Enzi za Wabelgiji mji huo uliitwa Jadotville. Umeme wa viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière ulitoka Mwadingusha, kwenye bwawa lililozaa ziwa Tshangalele, na viwanda hivyo vikawavuta vijana kutoka vijijini. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta mmoja wao barabarani, gitaa mkononi: Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Katika wimbo wake “Masanga” gitaa kavu ni moja tu, ila sikio huapa kwamba ni mawili. Wimbo huo ukampa tuzo ya muziki ya Osborn. Baadaye Mwenda alikwenda Nairobi kutangaza dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakamwiga. Mwaka 1969 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Kisha akarudi kwenye maisha ya mtu wa mshahara. Sehemu kubwa ya umri wake aliishi Lubumbashi, akiwa na kazi na biashara zake, hadi ajali ya gari ilipomuua Zambia mwaka 1990.

Huenda mtu wa Kinshasa akauona huo ni ubahili wa sifa. Lakini katika miji ya migodi ya Katanga, kazi ya kampuni ilileta nyumba, posho, shule ya watoto na hospitali. Gitaa lilileta makofi. Mwenda hakuogopa kukatwa kilimi kama Mwaustralia. Alijua tu kipi kinajaza sufuria.

Hata hivyo Katanga si nchi ya wanyenyekevu. Desemba 2010, timu ya soka ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi, kipa Robert Kidiaba aliketi chini akarukaruka kwa makalio mbele ya kamera za dunia nzima. Nyumbani hakuna aliyemkaripia: baadaye wapiga kura walimpeleka kwenye bunge la mkoa wa Haut-Katanga.